Kalamu ya Gado ilivyoambiwa ikapumzike

Nianze na picha maana bila picha hiki kisa hakishiki. Chukua Uhuru Kenyatta akiwa rais wa Kenya, mchore na suti yake nzuri, alafu mguuni mfunge mnyororo na mwisho wa mnyororo weka tufe la chuma kama la wafungwa wa kizamani. Basi, huna haja ya kuandika kitu. Kila msomaji Nairobi alijua hilo tufe ni kesi yake ya ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai kule The Hague, na uzuri wake (au ubaya, inategemea umekaa upande gani) ni kwamba lilikuwa haliondoki, rais anafungua barabara tufe lipo, anahutubia taifa tufe lipo, anapanda ndege kwenda kutafuta wawekezaji analiburuta ngazi kwa ngazi. Na makamu wake Ruto naye hivyohivyo na la kwake. Kesi ya Uhuru iliondolewa Desemba 2014, lakini ukishazoea kumuona mtu na mnyororo kila asubuhi ukiwa na chai yako mkononi, akili haimfungui haraka hivyo.

Mwenye huo mkono ni Godfrey Mwampembwa, Gado, mbongo mwenzetu aliyezaliwa Dar mwaka 1969, alikuwa anasomea usanifu majengo pale Ardhi akaachana nayo 1992 akaenda Nairobi kuchorea Daily Nation, gazeti la kampuni ya Nation Media Group. Mwaka aliofika una maana yake. Vyama vingi ndo vilikuwa vimerudi Desemba 1991, Moi bado yupo Ikulu, na kabla ya hapo kumchora rais wa Kenya kwenye katuni kilikuwa kitu hakifanyiki kabisa. Yeye na wenzake wachache ndo waliomzoesha Mkenya kuona pua ya Moi gazetini, akaja Kibaki, akaja Uhuru, miaka 23 jamaa anachora marais na wanamvumilia wakiwa wamekunja sura.

Sasa mimi nataka kukieleza hiki kisa kwa sababu watu wanakitaja juu juu tu, "Gado alifukuzwa na serikali", na hapo ndo wanapokosea. Serikali haikumfukuza Gado, haina mamlaka ya kumfukuza kwasababu haikumuajiri. Hakuna askari aliyekuja, hakuna amri iliyoandikwa, hakuna jaji. Kulikuwa na likizo, alafu kulikuwa na mkataba ambao haukuongezwa. Vitu vya HR hivyo, ofisi ya mambo ya ajira.

Mambo yalivyokwenda ni hivi. Januari 2015 Gado akachora Kikwete kwenye The EastAfrican, lile gazeti la kila wiki la haohao Nation Media Group, mheshimiwa kajiachia anahudumiwa na wanawake warembo na kila mrembo kapewa jina la uovu, ufisadi, uzembe, mambo ya kubebana, na kadhalika. Katuni kali na kusema ukweli hata mimi niliyekuwa sina shida na kumsema Kikwete niliona hapa kaka umekanyaga waya. Haikupita muda serikali yetu ikalizuia The EastAfrican kusambazwa Tanzania. Kwa sababu ya katuni? Hapana bwana, nani kasema katuni! Sababu iliyotolewa ni kwamba gazeti halijasajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Magazeti ya 1976. Hilo gazeti lilianzishwa 1994. Miaka 20 linaingia, linauzwa pale Posta mchana kweupe, mabalozi wanasoma, mawaziri wanasoma na wanahojiwa humo, wizara zinaweka matangazo, hakuna aliyekumbuka kuuliza cheti cha usajili mpaka wiki hiyo.

Muda si mrefu baada ya hapo Gado akaambiwa aende likizo ya mwaka mzima, zile wanazoita sabato za wasomi, akapumzike afanye mambo yake. Akaenda. Mwaka ukaisha, Machi 2016 ikajulikana kwamba harudi, mkataba wake hauongezwi. Yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba kaondolewa na kwamba anaamini shinikizo la wanasiasa limo humo. Uongozi wa kampuni ukasema hakuna aliyefukuzwa, mkataba umefika mwisho, ni mambo ya kawaida ya ajira. Na ukitaka kuwa mkweli kisheria wako sawa! Mkataba una tarehe, tarehe imefika, kwaheri. Hapo ndo ugumu wa kesi nzima ulipo na ndo maana nimeichagua hii na sio zile za wazi wazi.

Za wazi zipo. Machi 2, 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia gazeti la The Standard na televisheni yake ya KTN usiku, wakachoma magazeti yaliyokwisha kuchapwa, wakazima televisheni, na waziri wa usalama wa ndani wakati huo John Michuki akatoka mbele ya kamera akasema ukimchokoza nyoka ujiandae kuumwa. Dunia nzima ililaani. Waandishi waliandamana. Unaona ilivyo rahisi? Kuna moshi, kuna majivu, kuna waziri anajisifu. Serikali ikitumia nguvu gazeti linageuka shujaa, mauzo yanapanda, balozi wa nje anakuja kupiga picha kwenye majivu. Sasa niambie nani ataandamana kwa ajili ya likizo ya mchora katuni.

Tuje kwa mwenye mali. Nation Media Group imeanzishwa na Aga Khan wa nne, alinunua gazeti la Kiswahili la Taifa 1959, ndo mzizi wa Taifa Leo ya leo, alafu Daily Nation ikatoka 1960 Kenya ikiwa inaelekea uhuru. Kampuni imeorodheshwa soko la hisa la Nairobi tangu 1973, kwahiyo kwa karatasi ni mali ya umma wa wanahisa, lakini wakati wa hiki kisa mfuko wake wa maendeleo ya kiuchumi ulikuwa na karibu asilimia 45 na zilizobaki zimegawanyika kwa watu wengi, na anayejua mambo ya hisa anajua kwamba asilimia 45 kwenye kampuni ambayo wengine wana vipande vipande ni sawa na kushika usukani, breki na funguo za nyumbani.

Lakini gazeti ndo kitu kidogo kwenye mali zake, na hapa naomba msomaji apunguze mwendo kidogo. Mtandao huohuo una hoteli za Serena, Nairobi, Mara, Kampala, kwetu Dar, Ngorongoro, Serengeti, Unguja. Una Diamond Trust Bank. Una bima ya Jubilee (ya bima, sio ile Jubilee ya Uhuru, ingawa majina kugongana hivyo ni kichekesho chake). Una hospitali kubwa Nairobi na Dar es Salaam, una chuo kikuu, una shule. Uganda una mkono kwenye bwawa la Bujagali, megawati 250, lilizinduliwa Oktoba 2012 na Museveni na Aga Khan mwenyewe wamesimama pamoja. Sasa orodhesha hapo kila kitu kinachohitaji saini ya serikali. Hoteli ndani ya hifadhi inahitaji kibali cha hifadhi. Benki inahitaji leseni ya benki kuu. Hospitali inataka kiwanja cha kupanua jengo. Bwawa lina mkataba wa kuuzia serikali umeme kwa miaka mingi. Na magazeti yenyewe yapo kwenye nchi hizohizo, Nation na NTV Kenya, Monitor Uganda, na Mwananchi, The Citizen na Mwanaspoti hapa kwetu.

Kwahiyo katuni moja ya Kikwete, iliyochorwa Nairobi na kijana wa Dar, haigusi gazeti moja. Inagusa hoteli za Ngorongoro. Sisemi kwamba kuna mtu alipiga simu akasema "mwondoeni huyo la sivyo hoteli". Ninachosema ni kwamba simu haihitajiki, meneja yeyote mwenye akili timamu aliyekaa kwenye hicho kiti anaijua hesabu kabla hajaambiwa, na ndo maana anaitwa meneja.

Na kulikuwa na mfano wa karibu sana wa kumfundisha. Mei 2013, miezi saba tu baada ya lile bwawa kuzinduliwa kwa shangwe, Daily Monitor ya Kampala ikaandika habari za barua ya Jenerali David Sejusa kuhusu madai ya mpango wa kumwandaa Muhoozi, mtoto wa Museveni, arithi kiti. Polisi wakaizingira ofisi ya Monitor Mei 20, wakasema wanatafuta barua, wakakaa humo siku kumi hivi, redio zimezimwa, gazeti halitoki. Lilifunguliwaje? Mahakama ilikuwa imeshatoa amri ya kusitisha upekuzi na polisi wakaipuuza. Kilichofungua mlango ni mkutano wa wakuu wa kampuni na Museveni, na baada ya mkutano serikali ikatoa taarifa kwamba wenye gazeti wameahidi kuchapisha habari zenye vyanzo vya uhakika, zilizohakikiwa, na kuwa makini na mambo yanayogusa usalama wa nchi. Soma tena hiyo ahadi. Haina neno baya hata moja, mhariri gani atakataa kuhakiki habari? Ila ahadi kaitoa mwenye mali kwa rais, mhariri kaikuta mezani.

Tukirudi Nairobi. Katikati ya likizo ya Gado na mwisho wa mkataba wake kuna mwingine kibarua kiliota nyasi, Denis Galava, mhariri. Januari 2, 2016 Saturday Nation ikatoka na tahariri ya kumwambia rais waziwazi kwamba mwaka huu mpya ajipange, nchi inamshinda, ufisadi, usalama, kila kitu. Kali kweli, imeandikwa kama mtu aliyekaa na hasira wiki nzima ya Krismasi. Galava akasimamishwa kazi, na mwezi haujaisha akaondolewa kabisa. Kosa lake kwa maelezo ya kampuni: hakufuata utaratibu wa ndani wa kupitisha tahariri.

Umeona namna yanavyojirudia? The EastAfrican, usajili. Gado, tarehe ya mkataba. Galava, utaratibu. Kila mara sababu ni ya kweli kiofisi, ukienda kuchungulia mafaili utaikuta ipo, na kila mara imelala usingizi miaka mingi ikaamka siku ambayo mkubwa kakasirika. Mimi kwangu huo ndo ushahidi wenyewe. Kama utaratibu wa tahariri ungekuwa mtakatifu hivyo, basi tuonyesheni mhariri mmoja aliyefukuzwa kwa kumsifia rais bila kupitisha kwa wakubwa.

Nitoke nje ya mada kidogo. Miaka hiyo ya ujana nilijitolea kwenye redio moja ya mkoani, sitaitaja, haina umuhimu na wengine bado wanafanya kazi pale. Nikapata stori ya mradi wa maji, mabomba yamefukiwa juu juu kiasi kwamba kuku wakiparua yanaonekana, nina sauti za wananchi, nina sauti ya fundi aliyefukia, kwangu ilikuwa dhahabu. Mkandarasi wa mradi ndo alikuwa anadhamini kipindi chetu cha asubuhi, mimi nilikuwa hata sijui, jina la kampuni lilikuwa tofauti na la duka lake la vifaa vya ujenzi. Mhariri alisikiliza yote, akanisifia, akasema stori nzuri sana, "hebu tuisubirishe kidogo". Sikuelewa mwanzoni. Kila Jumatatu nauliza, kila Jumatatu ananiambia inakuja. Alikuwa mtu mzuri, alinifundisha kazi, ada ya mtoto wake ilikuwa inalipwa na hiyo redio. Baada ya miezi miwili hivi niliacha kuuliza mwenyewe, na stori iliyofuata ya barabara nilianza kwa kuulizia kwanza mkandarasi ni nani. Hakuna aliyenikataza kitu, nilijikataza mwenyewe nikiwa na miaka 23.

Kwahiyo nikisoma "likizo ya mwaka" ya Gado nasikia ile "tuisubirishe". Ni lugha ileile, adabu ileile.

Na pesa ya matangazo ndo kamba nyingine iliyofungwa shingoni. Kenya serikali ndo mteja mkubwa wa matangazo, zabuni, nafasi za kazi, salamu za sikukuu, kurasa nzima nzima. Mwaka 2015 wakaanzisha wakala mmoja wa matangazo ya serikali yote, yaani bomba lote la pesa likawa na koki moja. Baadaye zikaja kurasa za MyGov zinazochomekwa ndani ya magazeti, alafu mapema 2017, mwaka wa uchaguzi, ikatoka barua kwamba matangazo ya serikali yaende humo tu na sio kwenye magazeti moja kwa moja. Na sio serikali ya Uhuru peke yake, Machi 2024 chini ya Ruto ikatoka amri nyingine kwamba matangazo ya redio na TV ya taasisi za serikali yaende KBC, shirika la utangazaji la serikali yenyewe. Hata wakikubali kutangaza, kulipa ni ngoma nyingine, madeni yanarundikana, na gazeti linalomdai mtu pesa nyingi linajikuta linamuogopa mdaiwa wake kuliko mdaiwa anavyoliogopa lenyewe. Uhuru alishawahi kusema hadharani kwamba gazeti ni ya kufunga nyama. Watu walicheka, lakini familia yake ina gazeti, People Daily, na TV ya K24 na redio Kameme, kwahiyo na wao sijui nyama wanafungia ya nani.

Hilo la familia tusilipite. Kenya mwenye chombo cha habari na mwenye siasa mara nyingi wanakula meza moja. Mediamax, kampuni yenye hiyo People Daily na K24, ni ya upande wa Kenyatta. Standard ina mkono wa familia ya Moi. Citizen na Inooro za S.K. Macharia, mfanyabiashara ambaye misimamo yake kwenye chaguzi kila mtu anaijua. Na kwetu tusijione wasafi, Tanzania Daima lilikuwa la familia ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema miaka hiyo, na usingetegemea humo uchunguzi wa ndani wa Chadema hata kama leseni yake isingefutwa 2020. Mwenye chama kuwa na gazeti ni tatizo hata akiwa yule wa upande unaoupenda wewe.

Januari 2018 hizi mali zote zikapangwa mstari mmoja tukaziona. Raila anaenda kujiapisha "rais wa wananchi" pale Uhuru Park tarehe 30. Siku chache kabla, wakuu wa vyombo vya habari wakaitwa Ikulu wakaonywa wasirushe mubashara. Tunajua kwa sababu Linus Kaikai wa NTV, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wahariri, alitoa taarifa ya kulipinga hilo. Walioitwa ni wakuu wanaoendesha kampuni na wahariri wachache, waandishi watakaoshika kamera hawakuitwa, na aliyepanga ule mkutano alijua vizuri mpini uko wapi. Siku yenyewe NTV, KTN, Citizen na Inooro zikazimwa mitambo. K24 haikuzimwa, haikuwa na sababu ya kuzimwa. Jaji Chacha Mwita akaamuru Februari 1 zirudishwe, serikali ikaifanya amri kama karatasi ya maandazi, zilirudi kwa awamu wiki iliyofuata na Citizen ikawa ya mwisho. Kaikai, Larry Madowo na Ken Mijungu walilala ndani ya jengo la Nation Centre wakikwepa kukamatwa.

Kishujaa kabisa. Ila angalia kilichofuata miezi michache baadaye kwenye jengo hilohilo: safu ya Madowo ikasimamishwa na mwenyewe akaondoka, Kaikai akaondoka, na Machi 27, 2018 waandishi wa safu wanane wakajiuzulu kwa mkupuo, akina Maina Kiai, Rasna Warah, Kwamchetsi Makokha, George Kegoro, Muthoni Wanyeki, padri Gabriel Dolan na maprofesa wawili Waingereza, Nic Cheeseman na Gabrielle Lynch. Wakaandika kwa pamoja kwamba uhuru wa kihariri pale umekwisha, na wakalitaja jina la Gado, la Galava na ya wengine kama ngazi za kufikia hapo. Serikali kuzima mitambo ilichukua siku chache na ikashindwa mahakamani. Yale ya ndani hayakuhitaji hata umeme ukatike.

Sasa upande wa sheria, na hapa ndo naona shimo. Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 34 ni nzuri mno, ukiisoma unatamani ingekuwa ya kwetu, inasema Dola isidhibiti wala kuingilia anayetangaza au kuchapisha, isimwadhibu mtu kwa maoni au maudhui. Dola. Neno ni hilo. Polisi akija na kofia ya kufunika uso ibara ya 34 inasimama. Mwenye kampuni akiamua mchoraji huyu mkataba wake uishie hapa, ibara ya 34 haimuoni, na tena ukimlazimisha abaki na mchoraji asiyemtaka utakuwa wewe ndo unaingilia uhuru wa mchapishaji! Sheria imefikiria adui mmoja tu na adui mwenyewe kashajifunza kupita mlango wa pembeni, haendi kwa mhariri, anaenda kwa mtu ambaye mhariri ni mwajiriwa wake. Sio lazima amtishe kuhusu gazeti hata kidogo. Waongee habari za kiwanja cha hospitali wanywe chai.

Haki ya upande wa pili niitoe maana sio kwamba kampuni haina la kusema. Nation ilimbeba Gado miaka 23, na hakuna gazeti lingine la eneo hili lingefanya hivyo. Mwaka 1989 enzi ya Moi Bunge liliwafungia Nation wasiripoti mambo ya Bunge kabisa, na walistahimili miezi. Mwenye mali tajiri wa nje ambaye hagombei ubunge ni bora mara mia kuliko mwenye mali ambaye ni mbunge. Pia biashara ya magazeti ilikuwa inaporomoka kweli, katikati ya 2016 walifunga Nation FM na QFM na kuiunganisha QTV na NTV, watu wengi walipoteza kazi na hakuna aliyesema hao ni siasa. Na kuna hoja ya mhasibu ambayo sipendi lakini siwezi kuikwepa: katuni moja ikifungiwa nchi moja, mishahara ya wangapi inayumba? Je mchoraji mmoja ana haki ya kucheza na ugali wa wapakiaji wa magazeti na wauzaji wa pale Posta?

Hoja nzuri lakini nionavyo inajijibu yenyewe. Ukikubali kwamba ukubwa wa biashara ndo sababu ya kunyamaza, basi kadiri kampuni inavyokua nchi nyingi na mali nyingi ndivyo kalamu inavyofupishwa, kwasababu kila nchi mpya inaleta rais mmoja zaidi wa kutomuudhi. Mwaka 1992 Gado alikuwa na rais mmoja wa kumkasirisha, Moi. Mwaka 2015 kampuni ina Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, marais wanne wana ufunguo wa duka lilelile, na nguvu iliyotakiwa kumlinda mchoraji ndo ikawa kamba ya kumfungia. Tuliambiwa kampuni kubwa ndo itaweza kusimama na serikali. Inaweza kweli ikitaka, shida ni kwamba ina vingi vya kupoteza, na maskini asiye na hoteli haogopi kunyang'anywa hoteli.

Wengine wanasema dawa ni mwenye mali kuwa mtu mwema. Mimi kwa hiki kisa nimeacha kuamini hiyo dawa, Aga Khan alikuwa na sifa za wema kuliko wote waliotajwa humu, kajenga hospitali ambazo ndugu zangu wamejifungulia, na bado tahariri moja ya Januari ilimfukuzisha mhariri. Ninachokiamini kidogo ni wenye mali kuwa wengi na maslahi yao yasifanane, yaani huyu anachokiogopa yule asikiogope. Hiyo haihitaji mtu kuwa mwema.

Na hilo sikulitoa hewani. Gado hakufa njaa, Mei 3, 2016, miezi miwili tu baada ya mkataba kuisha, yuko Geneva anapokea tuzo ya wachora katuni pamoja na Zunar wa Malaysia, na aliyewakabidhi ni Kofi Annan. Kule nyumbani tayari alikuwa na vikaragosi vyake vya XYZ Show, kipindi cha televisheni, vinavyowasema wanasiasa kwa sauti. Lakini mchora katuni bila gazeti la kila siku ni kama muuza samaki bila soko, samaki anao ila nani atapita. Akapata gazeti. Alipohamia ni The Standard, ndiyo, hilohilo la familia ya Moi, yaani mtu aliyejipatia jina kwa kuchora pua ya mzee Moi sasa anachorea kampuni ya watoto wa mzee Moi, kwa sababu wakati huo familia hiyo haikuwa Ikulu na haikuwa na hoteli Ngorongoro za kuhofia.

Ile familia ikirudi Ikulu siku moja, hapo tutaangalia mkataba wake una tarehe gani.